UZI: Riwaya nilizozimaliza masika haya na vyungu vilivyokuwa jikoni

Bi Upawa

Assalaam alaykum wanajamvi. Mvua imetufungia ndani, huku Unguja soko la Darajani ni matope matupu, na mwenye akili zake hatoki ila kwa haja. Basi mie nimesoma. Nimesoma na kupika, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja, kitabu nimekiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Naweka hapa maoni yangu juu ya riwaya nilizozimaliza, na nilichokuwa nakipika wakati huo. Asiyekubaliana nami karibu sana, ila matusi yaachwe mlangoni pamoja na viatu.

Kwanza niwaambie nasomaje. Skuli tulifundishwa kuwinda dhamira. Unafungua Vuta N'kuvute kidato cha tano, hata hujamjua Yasmin ni mtoto wa nani, ubaoni keshaandikiwa: ukombozi, nafasi ya mwanamke, matabaka. Unakariri, unajibu mtihani, halafu kitabu chenyewe hukitamani tena maisha yako yote. Mie siku hizi nina swali moja tu, la kikekike, wanaume mtaniwia radhi: humu ndani nani anapika, na anampikia nani? Ukiliuliza hilo, vitabu tulivyovichoka zamani vinaanza kusema mambo ambayo mtihani haukuyataka.

Peponi, na pweza wa nazi

Hii ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994. Kwa Kiswahili kaileta Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Nobel ya fasihi ya 2021 ilipotangazwa kuwa yake, mji mzima ulikuwa unamjua Gurnah, kila mtu ana jamaa aliyesoma naye au aliyekaa naye mtaa mmoja. Ukiuliza nani kamsoma, watu wanaanza kukohoa.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana kihoteli katika mji wa Kawa, biashara haiendi, madeni yamemfika shingoni. Aziz, tajiri wa misafara ambaye mtoto anamwita ami, huja kushukia pale, na kila akija nyumba inapika chakula cha watu wakubwa. Mchuzi wa kuku na mchuzi wa kondoo. Wali unaong'ara samli, wenye zabibu na lozi. Mandazi na mahamri yamejaa kikapuni, mchicha wa nazi, hadi vipande vya samaki mkavu vilivyochomwa kwenye makaa yaliyobaki. Mtoto anakaa pembeni akimuomba Mungu mgeni abakishe, na akingojea ile sarafu ya anna kumi anayopewa ami anapoondoka.

Mara ya kwanza nilivisoma vyakula vile nikameza mate, basi. Niliporudia, nikiwa najua ziara ile inaishia wapi, nilishindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Mama yule anatokwa jasho jikoni akimkaangia vitunguu mtu anayekuja kumchukua mwanawe kufidia deni. Mwandishi hakulia wala hakututaka tulie. Kaandika orodha ya vyakula tu, akanyamaza. Huko ndiko kuandika.

Kilichonichosha ni safari ya bara. Msafara unakwenda, wanaugua, wanaibiwa, wanafika kwa Chatu, mtawala wa huko bara, mambo yanazidi kuharibika, na kuna kurasa nilikuwa nazigeuza huku sikio liko kwenye chungu. Lakini wakirudi pwani, kwenye ile bustani yenye ukuta na yule Bi Zulekha, mke wa Aziz, kitabu kinakamata tena. Aliyesoma Sura Yusuf ya Kurani chuoni, yaani madrasa, ataliona jambo linakuja kabla halijafika, na bado litamshtua, kwa sababu Yusuf huyu hakuahidiwa kuokolewa.

Sasa pweza. Mngojeni bamvua, zile siku za maji makubwa, maji yanapotoka mbali na kina mama wanashuka mwambani, hapo mnapata wa leo leo. Msugue kwa ndimu utelezi wote utoke. Mtie chunguni bila tone la maji, funika, moto wa kiasi. Atatoa maji yake mwenyewe mpaka mtashangaa yalikuwa wapi, na chungu kizima kitakuwa chekundu kuelekea zambarau. Chumvi msitie sasa, mimi naona inamkaza. Akishaiva na maji yake yamekaribia kukauka, mkate vipande, kisha ndio mweke thomu (kitunguu saumu), tangawizi, tungule (nyanya) zilizosagwa na bizari ya manjano kidogo. Tui jepesi liingie mwanzo lichemke naye. Tui zito mwisho, na hapo upawa usitoke mkononi, kwa sababu ukiliacha lichemke peke yake linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Ndimu mkamulie mkishatua.

Vuta N'kuvute, na mkate wa kumimina

Shafi Adam Shafi, 1999. Wengi siku hizi wanaijua kwa ile filamu ya Amil Shivji ya 2021. Mie nairudia kwa sababu ya chumba kimoja tu: cha Mwajuma, kule Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe.

Yasmin kaozwa na miaka 15 kwa Bwana Raza mwenye duka, mtu wa makamo anayeweza kumzaa. Anakimbia. Kwao hawamtaki tena, kawaaibisha. Anayempokea ni Mwajuma, hana mali wala jina, ana chumba na moyo wake. Hapo Shafi hana mpinzani. Anaijua Ng'ambo mlango kwa mlango, anajua watu wanavyotaniana, wanavyoazimana, taarabu inavyoingia mwilini. Mwajuma akifungua mdomo unamsikia, wala huhitaji kuambiwa kavaa nini.

Lakini, na hapa najua nitapigwa mawe, Denge, yule kijana mpigania uhuru, akikaa na wenzake kupanga siasa mie naona ndio nafasi ya kufunua chungu nitazame wali umefikia wapi. Si kwamba siasa yake haina maana. Ukoloni ulikuwepo, Inspekta Wright na watu wake walikuwa wanawafuata watu usiku na mchana. Tatizo ni kuwa Denge akihutubia anakuwa spika ya mkutano, na mtu mwenyewe anapotea. Yuko hai zaidi anapokuwa anamkwepa askari vichochoroni, au anapomtazama Yasmin na hajui aseme nini.

Mkate sasa, maana nimeulizwa sana kwenye uzi wa zamani. Vikombe viwili vya mchele, loweka tangu usiku. Asubuhi chuja maji yote, saga na tui zito la nazi moja kubwa, hiliki na kijiko cha chai cha hamira. Tui litieni kidogo kidogo, mnataka uji mzito unaomiminika polepole, usiwe kama togwa. Wengine huweka na ute wa yai, mie naweka, unaupa wepesi. Acha uumuke. Utajua uko tayari ukiona umepanda na juu kumejaa vishimo vidogo vinavyopasuka. Hapo ndipo natia sukari, nakoroga taratibu. Sufuria ipate moto kwanza na mafuta au samli, umimine, moto wa chini uwe mdogo sana. Kingo zikianza kushika na katikati bado kunatikisika, weka mfuniko na makaa juu yake. Makaa ya juu ndiyo yanayoleta ile rangi. Ukisikia harufu ya hiliki imefika uani, nenda kautazame.

Mzimu wa Watu wa Kale

Hii fupi. Mohammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, kazaliwa 1918. Hadithi ilishinda mashindano ya 1957 na 1958, kitabu kikatoka 1960. Bwana Ali Bomani kauawa, maiti imekutwa mzimuni, watu wanataka kusema ni mashetani, mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko na kusema hapana, tafuteni mtu.

Nakipenda kwa Kiswahili chake, kinatembea kwa mikogo. Ila swali langu la jikoni linafeli kabisa. Mwanamume anavuta kiko, anafikiri, rafiki yake Najum anamfuata nyuma akistaajabu, na mie muda wote najiuliza: huyu bwana anakula wapi? Nani kamfulia hiyo nguo? Hakuna upelelezi wa siri hiyo. Nilikisoma kwa kahawa na halua ya Wete, sikupika kitu, na naona ndivyo kinavyotakiwa.

Utengano

Said Ahmed Mohamed, 1980. Sitaki kuieleza sana, wengi mnaijua. Nasema hivi tu: nyumba ya Bwana Maksuudi imefungwa kila upande, mke Tamima ndani, binti Maimuna ndani, na mwenye nyumba anaamini funguo zote ziko mfukoni mwake. Kamsahau Biti Kocho, mtumishi. Anayepika ndani ya nyumba ndiye anayejua mlango gani haukufungwa sawasawa. Maksuudi alikula kila siku kutoka mikono ile na hakuwahi kuitazama. Kwangu mimi riwaya nzima imo humo. Siku hiyo nilipika borohoa, na sina la kuisifu, ilikuwa borohoa.

Haya, semeni.

Mtoto wa Ng'ambo

Wa alaykum salaam Bi Upawa. Umeandika vizuri ila kwa Denge umemuonea. Wewe unataka watu wa miaka ya hamsini wazungumze kama sisi tunaochati. Wazee wetu wa Zama za Siasa, ile miaka ya kabla ya Mapinduzi, walikuwa wanahutubiana hata wakinunua ndizi. Nenda Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, saa za kahawa uwasikilize waliobaki, mtu anaanza na bei ya sukari, anamaliza na ubeberu. Shafi hakuwageuza kuwa maspika. Ndivyo walivyokuwa.

Bi Upawa

Kaka yangu, Jaws Corner nimepita sana. Lakini barazani mzee akianza kuhutubia yuko mwingine anamkatiza, wa tatu anacheka, wa nne anamwambia muuza kahawa aongeze. Mwenye hoja anajitetea, anakasirika, anaapa. Hilo ndilo ninalolitaka kitabuni. Denge hakatizwi! Wenzake wanaitikia tu. Nipe hata mmoja wa kumwambia "hebu tulia, nyumbani hatujala" uone atakavyojibu.

Mtoto wa Ng'ambo

Haya la kukatizwa nimekuachia. Mengine siachii.

Mvuvi wa Tumbe

Nyinyi watu wa mjini na bizari kwenye pweza mmetoka wapi nayo? Kwetu Pemba pweza ni nazi, ndimu, pilipili mbuzi, basi. Ukimtia manjano unamficha. Na huyo mnayemuita wa leo leo mpaka afike Darajani keshapita mikono mitatu. Wa kweli huliwa huku huku ngoma ikiwa bado inasikika, namaanisha ile ya kumpiga pweza mwambani, wasije watu wakadhani harusi.

Kuhusu vitabu, mie si msomaji mkubwa. Nilichokimaliza ni Kuli, ya huyo huyo Shafi, ya 1979. Niliianza kwa sababu ya jina, nikaimaliza kwa sababu ya bandari. Anajua uzito wa gunia. Mtu ambaye hajabeba hawezi kuandika bega vile, au kama hajabeba basi kawauliza waliobeba na akawasikiliza. Rashidi mtoto wa kuli naye kawa kuli, na mambo yanakwenda mpaka mgomo wa 1948, ambao ni jambo la kweli, si hadithi. Swali lako la jikoni huku linajibika: mama anapika kile mwanawe alicholeta mchana huo, na siku asipoleta jiko halijawashwa. Huhitaji mwalimu wa kukuelezea matabaka ukishaliona jiko la baridi.

Bi Upawa

Mvuvi, unasema si msomaji halafu unaandika hivyo? Kuli naifuata. Bizari siitoi.

Chaki Nyeupe

Nimefundisha fasihi miaka mingi, sasa nimestaafu, niruhusuni niwatetee walimu. Darasa limejaa, vitabu viwili vinazungushwa watoto wote, mtihani unauliza fani na maudhui, na mzazi anataka cheti. Mwalimu afanyeje? Dhamira ubaoni ilikuwa boti ya kuwavusha. Aliyetaka kuogelea angeogelea baadaye, kama wewe binti yangu unavyofanya sasa.

Lakini nina neno juu ya orodha yako. Unauliza nani anapika, swali zuri, nalipenda. Mbona walioandika wote uliowataja ni wanaume? Umekwenda kuwauliza wageni waliokaribishwa mezani habari za jikoni. Tafuta Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani. Tafuta Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell. Humo utamuona baba wa nyumba kwa jicho la walio ndani ya nyumba, wale wanaojua kwa sauti ya viatu vyake mlangoni kama leo kutakuwa na amani. Ukitoka hapo soma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Huyo ni mwanamume, nakubali, lakini Rehema wake anashika jembe, na chakula tunakiona kikiwa bado kiko ardhini.

Bi Upawa

Shikamoo mwalimu. Mungu Hakopeshwi nilikinunua, akakiazima shoga yangu, na tangu hapo kila nikimuuliza ananiambia yuko ukurasa wa mwisho. Sijui kitabu hicho kina kurasa ngapi za mwisho. Mwisho wa Kosa nitaitafuta, hiyo ahadi.

Ila kwa wanaume niwatetee kidogo. Gurnah katoka hapa kijana wa miaka kama 18, akaenda kuishi Uingereza, na bado anakumbuka samaki mkavu kwenye makaa yaliyobaki. Kuna wanaume wamekaa nyumba moja na jiko miaka 40 na hawajui kifumbu cha kuchujia tui kinatundikwa wapi.

Chaki Nyeupe

Marahaba. Hapo unanisema mimi, na mke wangu keshasoma na anacheka.

Ukhti wa Kiembesamaki

Da Upawa samahani, mie nimekuja kwa mkate. Wangu unaumuka vizuri, juu unapata rangi nzuri kabisa, ukikata katikati ni uji. Natumia gesi. Riwaya nitarudi kuzisoma nikishaolewa inshallah, sasa hivi nafanya mazoezi.

Bi Upawa

Mdogo wangu, gesi ina haraka. Chukua chuma cha kuchomea chapati, kiweke juu ya jiko, halafu sufuria juu yake, moto wa mwisho kabisa wa chini. Mimina mkate usizidi vidole viwili kwenda juu, wengi mnajaza sufuria kwa tamaa. Uache mpaka kingo zimeachana na sufuria na ukigusa katikati kidole hakirudi na kitu, ndipo uupeleke ovenini moto wa juu tu upate rangi. Rangi ni ya mwisho. Wewe unaanza na rangi.

Na usisubiri kuolewa ndio usome. Mkate unataka kama dakika arubaini, na huruhusiwi kuondoka jikoni. Utafanya nini humo?

Ukhti wa Kiembesamaki

Nachati 😂 Haya nianze na kipi?

Mtoto wa Ng'ambo

Vuta N'kuvute. Na hotuba za Denge usiziruke.

Bi Upawa

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, utacheka, na sura zake hazikuchoshi. Ukifika katikati niambie unamshuku nani. Wengine msimwambie muuaji, tafadhali, kuna watu humu hawana siri.

Mvuvi wa Tumbe

Mie natafuta Kasri ya Mwinyi Fuad, nimeambiwa humo kuna mikarafuu na ubwana shamba. Chake Chake nimeuliza sijaipata. Aliye nayo Unguja aitie kwenye mfuko wa plastiki, aikabidhi kwa mtu wa boti, nami nitamrudishia kitabu na vibua vya kukaanga juu yake. Sina kurasa za mwisho nyingi kama shoga wa Bi Upawa.

Chaki Nyeupe

Ninayo. Jalada limetoka, lakini kurasa zote zipo. Nitumie ujumbe wa pembeni tupange siku ya boti. Vibua usivikaange, viache vibichi kwenye barafu, huku nyumbani pana mtu anayetaka kunifundisha kifumbu.